Mteremko ni wa Mungu

Siku gari liliposhtuka mara ya kwanza tulikuwa tunatoka kwenye feri upande wa kisiwani, na mama yangu alikuwa kiti cha mbele na chuma kipya kwenye nyonga. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hivyo njia ya kutokea ilikuwa imesimama mbele yetu kama ngazi. Hatua tatu mbele yangu mtu wa mkokoteni alikuwa akisukuma madumu ya maji, mgongo umepinda, nyayo zikitafuta pa kushika. Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma lakini gari halikwenda. Nikaongeza kidogo. Injini ikapaza sauti zaidi, gari likabaki pale pale, halafu kwa ghafla likashika na kuruka mbele kama mtu aliyesukumwa mgongoni.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Yule mtu wa mkokoteni hakugeuka, wala hakujua kitu. Kati ya boneti yangu na kisigino chake ungepitisha daftari la mwanafunzi, si zaidi. Watu waliokuwa wakipanda kwa miguu ubavuni mwetu wakanifokea, na mmoja akaligonga paa la gari kwa kiganja. Sikuwa na habari nao. Nilikuwa namtazama mama.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kishikio cha mlango kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo ikimtaja Mungu polepole. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nilipomuuliza kama ameumia, alisema, "Twende tu, mwanangu." Ndivyo alivyo mama yangu. Hata akikatwa kidole atauliza kwanza kama wageni wamekula.

Alikuwa ameanguka msalani miezi miwili kabla. Nyonga ilivunjika, akapasuliwa, na sasa kila Alhamisi nilimvusha kwenda hospitali ya ng'ambo kufanyishwa mazoezi. Daktari alinieleza bila kuzungusha maneno: mfupa unaunga vizuri, kilichobaki ni maungo yenyewe kufundishwa upya, na akiacha mazoezi kabla ya kumaliza, nyonga itakakamaa na hatatembea tena bila kushikwa. Akaongeza kwamba asikae garini kwa muda mrefu, na asitikiswe. Hilo la kutotikiswa alilisema mara mbili.

Msomaji ataniuliza kwa nini nisikodi teksi. Tulijaribu. Magari ya teksi ni ya chini, na mama hakuweza kujikunja kuingia. Mimi na dereva tulimbeba, tukamgeuza hivi na vile, mpaka akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Gari langu ni refu, kiti chake kiko usawa wa kitanda. Anageuka, anakaa, namgeuzia miguu, basi. Na ile barabara mpya ya Dongo Kundu, ya kuzunguka mpaka Changamwe bila feri, ingemkalisha muda mrefu mno, tena ukifika Changamwe kuna msongamano wa malori. Njia ilikuwa feri, na gari lilikuwa lile moja. Ikabidi liache kushtuka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nina hasira za karibu. Nayasema yote mawili mapema kwa sababu yote mawili yamo katika kisa hiki. Nyumbani kwetu ni Likoni, shule yangu iko ng'ambo, na gari hilo nimelivusha feri mara mbili kwa siku, mwaka baada ya mwaka, nikijisifu kwamba silali foleni na siharibu vyombo. Kuendesha nilifundishwa na baba yangu, Mungu amrehemu, aliyeendesha lori la mizigo maisha yake yote na kuvuka pale kabla mimi sijazaliwa. Mtu aliyefundishwa na baba yangu hafundishwi tena na mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Basi nilipeleka gari Timbwani, kwa fundi wetu. Nasema wetu kwa sababu kwetu fundi hurithiwa. Mzee huyu ndiye aliyelihudumia lori la baba mpaka lilipokufa, na baba alipokufa alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Gereji yake ni banda la mabati nyuma ya msikiti, na kupeleka gari kwa mtu mwingine ukamwacha yeye ni sawa na kumwambia mtu mbele ya wageni kwamba pilau yake haikuiva.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama ajambo?"

Akauliza habari za mama, za nyonga, za shule, za ndugu zangu mmoja mmoja, ndipo akafungua boneti. Nilimweleza mshtuko ulivyokuwa. Alisikiliza injini, akaitia moto, akaizima, akaitia tena. Akasema plagi zimechoka na koili moja haitoi moto sawasawa, ndiyo maana gari linakosa nguvu kisha linazipata kwa mpigo. Maelezo yaliniingia akilini. Akabadilisha plagi zote na ile koili, tukazunguka Timbwani mara mbili, gari likatulia kama maji mtungini. Lakini Timbwani tulikozunguka ni tambarare, na hilo sikulifikiri.

Alhamisi ya pili lilishtuka kabla hata hatujapanda feri. Askari alituashiria tuingie, nikakanyaga, injini ikapiga kelele peke yake, kisha gari likaruka kwenye bati la feri na kutua kwa kishindo. Safari hii mama alitoa sauti. Ilikuwa fupi, kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Kupanda upande wa pili likashtuka tena, na kwenye mzunguko wa barabara tena, na kila mara niliona mkono wake ukikaza pale mlangoni mpaka mishipa ikasimama. Nilikuwa naendesha na kulia, nikijifanya nimeingiwa na vumbi.

Jioni, nyumbani, aliniita. "Abee mama," nikaenda nikakaa kitandani kwake.

"Sendi tena," akasema. "Yale mazoezi yanitosha. N'takaa na fimbo yangu hapa, na Mungu ataniona papa hapa."

"Mama, daktari amesema—"

"Daktari hapandi gari lako."

Nilimwomba, nikambembeleza, nikakasirika, nikaomba radhi kwa kukasirika, nikaanza kubembeleza upya. Mwisho alisema, "Alhamisi moja nakupa. Ikiwa ndia ni ile ile, usinambie tena."

Alhamisi moja. Daktari alikuwa ametaka nne zaidi. Nilielewa vizuri sana hesabu hiyo: gari likishtuka tena mara moja, mama yangu hatatembea.

Nikarudi kwa fundi wetu siku iliyofuata. Safari hii aligusa giaboksi. Alichomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akakifuta kwenye kitambaa, akakitazama kwa muda, akasema mafuta yamezeeka. Akayamwaga, akatia mapya. Siku mbili gari likatulia, nikaanza kupumua. Siku ya tatu, nikipanda kutoka feri peke yangu, lilikataa kabisa kushika kwa muda ambao niliweza kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, huku nyuma yangu lori likipiga honi, kisha likaruka vibaya kuliko siku zote.

Nililiendesha moja kwa moja mpaka Timbwani. Mzee alikuwa amekaa na wenzake wawili wakinywa kahawa. Sikumwamkia. Hilo peke yake lilitosha kuwa tusi, lakini sikuishia hapo. Nilimwambia, mbele ya watu, kwamba ametia mafuta ya malori kwenye gari la watu, kwamba ameliua, kwamba kama hajui magari ya siku hizi angesema mapema nikaenda kwa wanaojua, na kwamba mama yangu akibaki kitandani itakuwa juu yake. Wale wenzake walitazama vikombe vyao.

Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kama ni mimi, mwanangu, nisamehe," akasema.

Hata hilo lilinikasirisha. Nilitaka abishane. Nikaingia garini nikaondoka, na gari likanishtua mbele yao wote, kama lililotumwa.

Alhamisi ya wiki hiyo hatukuvuka; niliomba hospitali watuahirishie, nisiipoteze ile moja niliyopewa na mama. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenitajia fundi wa Changamwe, mtu wa bara, ambaye hafanyi kazi nyingine yoyote ila giaboksi. Gereji yake iko kwenye njia ya kwenda Airport. Sikuthubutu kulipeleka kwenye feri tena, kwa hivyo nilizunguka kwa Dongo Kundu. Nikiwa peke yangu sikujali urefu wa njia. Nilichojali ni yale madaraja. Kwenye moja, penye kupanda, niliongeza mafuta, injini ikanguruma na gari likapoteza nguvu, na kwenye kioo nikaona lori la kontena likija na taa zimewaka mchana kweupe. Nilihesabu. Moja. Mbili. Upepo ulikuwa ukisukuma gari ubavuni. Tatu. Lori likajaa kioo chote. Gari likashika, likaruka, na mimi nikajikuta nasoma shahada kwa sauti kubwa. Nilifika Changamwe, nikakaa garini nikijifuta uso kabla ya kushuka, watu wasinione hivyo.

Fundi alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, hana maneno mengi. Hakuuliza habari za mama wala za nyumbani. Nilimwona hana adabu. Aliingia garini, akatia gia kwenye N, ile isiyovuta gari, akakanyaga mafuta. Injini ikapanda na kushuka laini, bila kutikisika.

"Hii si plagi," akasema. "Ingekuwa plagi, hata hapa ingetetemeka."

Kisha akashika breki kwa nguvu, akahamisha mkono wa gia kutoka N kwenda D, gia ya mwendo, akatulia, akiangalia saa yake. Tulisubiri. Tulisubiri mpaka nikamtazama. Ndipo gari likajikunja kidogo mbele, ishara kwamba gia imeshika.

"Sekunde tatu na kitu," akasema. "Inatakiwa moja. Iko na kitu ndani inateleza, halafu inashika na nguvu. Hiyo ndiyo unasikia ikiruka."

Akachomoa kijiti cha mafuta, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akaninusisha. Mafuta yaliyotiwa juzi tu yalikuwa yameshakuwa rangi ya chai, na yalinuka kitunguu kilichoungua chini ya sufuria. Nikaona nimepata nilichokuwa nakitafuta.

"Umeona?" nikasema. "Fundi wa kwanza ametia mafuta siyo."

Alichukua tone akalisugua kati ya vidole. Akaniuliza kama nina kopo lake. Lilikuwa nyuma ya kiti. Akalisoma mbele na nyuma.

"Haya ndiyo mafuta yake kabisa. Huyo fundi hakukosea." Akafunga kopo. "Mwalimu, wewe unaendeshaje?"

"Unaulizia nini?"

"Nauliza tu. Unaendeshaje?"

Nilimwambia naendesha tangu yeye yuko shule. Nilimwambia nimefundishwa na mtu aliyeendesha miaka arobaini bila kugonga hata kuku. Nilimwambia nimeleta gari lipimwe, sikuja kupimwa mimi. Aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye kipande cha boksi, akasema gari litabaki, giaboksi itashushwa na kufunguliwa, nirudi Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Alhamisi ilikuwa mbali siku sita.

Siku hizo mama hakuuliza gari liko wapi. Nilimfanyisha mazoezi madogo kitandani, yale niliyoyakumbuka, na aliyafanya kwa heshima kama mtu anayemaliza chakula asichokipenda. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na mto. Aliipangusa kila asubuhi. Sikupenda namna alivyoipangusa.

Jumatatu nilikuta vyuma vya gari langu vimepangwa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, safu kwa safu. Fundi alinipa kigoda, akaniokotea kipande cha bati cha mviringo, chembamba, chenye tundu katikati. Kilikuwa na ngozi ya kahawia pande zote mbili, kama ya soli.

"Hizi ndizo zinashika. Gari ya oto haina klachi ya mguu, iko na hizi ndani. Mafuta yakisukumwa na pampu, zinabanana, gari inaenda. Hii ni nzuri. Hii nayo nzuri. Hii pia." Alinionyesha safu moja, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa na ngozi yake. Kisha akanipa kimoja cha safu ya mwisho.

Kilikuwa chuma kitupu, cheusi, kimepata rangi ya bluu kwa moto. Nilikigeuza. Upande wa pili vilevile. Vitano vyote vya safu ile vilikuwa hivyo.

"Giaboksi ikizeeka, zote zinaisha pamoja pamoja," akasema. "Yako imekufa hapa tu. Na hizi zinafanya kazi moja tu ya shida: ukitoa N ukiingiza D. Ukifanya hivyo gari imesimama, hazisikii kitu. Ukifanya gari ikitembea, zinabeba uzito wote mara moja." Akavua miwani. "Ndiyo maana niliuliza, mwalimu. N unafanyia nini?"

Nilitaka kukasirika. Nakumbuka kabisa nilivyoitafuta ile hasira nisiione. Badala yake niliuona mkono wangu wa kushoto, uko pajani na kipande cheusi ndani yake, na nikaujua unafanya nini kila siku.

Watu wa Likoni wataelewa. Foleni ya feri inateremka. Unaweza kukaa pale muda mrefu kwenye jua, ukisogea urefu wa gari moja moja. Baba alinifundisha kwamba mwenye akili haungui petroli mteremkoni. Unazima injini, unaachia gia, unaachia breki kidogo, gari linateremka lenyewe kimya kimya, unalishika tena. Ukikaribia chini, askari akikuashiria, unawasha na kuingiza gia gari likiwa bado linatembea, unapitiliza moja kwa moja mpaka ndani. Mteremko ni wa Mungu, alikuwa akisema, petroli ni ya mwenye duka. Nimefanya hivyo kwa lori lake, na nimefanya hivyo kwa gari langu la oto, mara mbili kwa siku, na nilikuwa naona raha kuwatazama wengine wakiunguza mafuta yao.

Nilimweleza fundi. Alivaa tena miwani.

"Unazima injini kabisa?"

"Kabisa."

"Na breki, ukizima?"

"Zinakuwa nzito. Nimezoea."

Alitikisa kichwa, si kwa dharau. "Lori ya mzee ilikuwa ya gia za mkono, ilivumilia. Hii, ukizima injini pampu inalala. Magurudumu yanazungusha vyuma, mafuta hayafiki. Halafu unawasha, hapo hapo unaipa D. Imejitahidi, hii gari. Imejitahidi sana."

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara ngapi nikisaidia wenzangu wa Kiswahili, sikuwahi kudhani nimeivaa. Kila siku nawaambia wanafunzi kwamba jibu bila njia halipati alama. Mimi nilikuwa nimempa mzee wa watu sifuri bila kutazama hata mstari mmoja wa kazi yake.

Nilimwomba fundi anipe kimoja cha vile vyuma vyeusi. Nikavuka, nikaenda nacho Timbwani, baada ya alasiri, saa ambayo nilijua wale wenzake watakuwepo. Kama nilimtukana mbele yao, nimtake radhi mbele yao. Safari hii nilimwamkia. Nikampa kile chuma, nikamweleza chote, na kosa ni la nani.

Alikigeuza sana mkononi. "Nilikuwa nikikuona," akasema hatimaye. "Miaka, nikiwa na watu wa miguu nasubiri kuvuka, nikiona gari lako lateremka kimya. Nikisema moyoni, yule ni mwanawe kweli."

"Basi mbona nilipoleta gari hukuniuliza naendeshaje?"

"Nikuulizeje, mwanangu? Babako ndiye aliyekufundisha. Ningekuuliza wewe, ningekuwa namuuliza yeye." Akanirudishia chuma. "Na haya magari ya kwenda yenyewe, haki ya Mungu nayajua nusu. Hilo nalo ningekwambia. Niliona haya."

Akanimiminia kahawa. Nilikunywa na machozi, na hakuna aliyejifanya hayaoni.

Aliyebaki alikuwa mama. Nilidhani ndiye rahisi, kumbe ndiye aliyekuwa mgumu, kwa sababu ilinibidi nimwambie kwamba maumivu yake yote ya njiani yalitoka mkononi mwangu, na mkono huo niliupata kwa mume wake. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nakunja nguo. Alinisubiri mpaka nikageuka.

"N'lijua wazima injini," akasema. "Sikujua kwamba laharibu."

"Ungenikataza kuzima hata hivyo, mama. Ni hatari."

"Nisingekukataza." Alikuwa anaitazama fimbo. "Lori la babako likinguruma hata hukusikia neno. Kutoka nyumbani mpaka ng'ambo ni kelele tu, na yeye akirudi amechoka, alala. Ni pale mteremkoni tu, akizima. Ndipo tukizungumza. Yote tuliyoyazungumza mimi na babako, tuliyazungumza pale. Wewe, jina lako, tulikupa pale, kabla hujazaliwa. Nawe ukizima, nikifumba mato, nikimsikia."

Nilirudi kwenye nguo zangu. Nilizikunja vibaya, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Jumatano gari lilikuwa tayari. Safu yote ya vyuma vyeusi ilikuwa imebadilishwa, na mipira yake, na mafuta ni yale yale aliyoyachagua mzee wa Timbwani. Fundi aliniweka kwenye usukani, akasema nishike breki na kutoa N kwenda D. Kabla sijamaliza kuhesabu moja, gari likashika, polepole. Tukapanda mlima wa karibu na gereji mara tatu. Hakuna kitu. Aliposhuka aliinama dirishani akaniambia, "Foleni ikisimama, weka P na handbreki, pumzika. Lakini gari ikitembea, injini iwe macho."

Alhamisi mama alivaa buibui lake bila kuambiwa. Alikaa, nikamgeuzia miguu. Alikamata kishikio cha mlango kwa mkono wa kushoto kabla sijawasha. Nililijaribu gari lile nikiwa peke yangu mara kumi, lakini halikuwa limejaribiwa na yeye ndani.

Foleni ilikuwa ndefu. Tulisogea, tukasimama, tukasogea. Jua lilikuwa limeingia mpaka mapajani. Kisha mbele pakafunguka nafasi kubwa kidogo, mteremko ukawa wazi, na gari likaanza kwenda lenyewe. Sikuamua kitu. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye gia, kama ulivyokwenda kila siku ya Mungu, na vidole vilikuwa vimeshaanza kusukuma.

Mkono wa mama ukatua juu ya wangu. Ulikuwa mkavu, na mzito kuliko nilivyodhani. Aliukandamiza wangu pale pale kwenye D, asiniache nisogeze.

"Mwache babako apumzike," akasema.

Tuliteremka injini ikinguruma, pamoja na wengine wote. Hakuutoa mkono askari alipotuashiria, wala tulipoingia kwenye bati, wala tulipokuwa majini. Upande wa pili maji yalikuwa yamekupwa na njia imesimama wima, watu wa miguu wamejaa pande zote mbili, na mbele yangu mwanamke ana mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Nikakanyaga. Gari likapanda. Halikufikiri, halikuruka, lilipanda tu nyuma ya yule mwanamke kwa mwendo wa miguu yake, mpaka juu, mpaka barabarani.

Hapo ndipo mama alipoutoa mkono wake, akatengeneza mtandio.

"Alhamisi ijayo tutoke mapema," akasema. "Foleni ya saa hizi haifai."